Jua Nililokunyima

Nsimire mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wasichana wa timu, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni ili niandike kabla hujarudi. Ukirudi nitaanza kukuuliza kama umeweka taulo begini, nawe unajua kwamba nikitaka kulikimbia neno zito huwa naulizia taulo. Basi leo habari za taulo, sabuni, dawa ya mbu na namna ya kuishi na wasichana wengine chumbani naziacha zote. Una miaka kumi na tisa, Kampala unakokwenda kucheza si mwezini, na huko watakuwepo watu wa kukufundisha hayo kwa sauti ndogo kuliko yangu.

Nataka kukuandikia juu ya moyo wako. Nasema moyo wenyewe wa nyama, ulio kifuani, ambao nilikaribia kuuharibu huku nikidhani nakupamba.

Kwetu, kama unavyojua, mwanamke akijifungua tunamwita kimole na tunamweka ndani. Hachoti maji, halimi, hapiti njiani. Analetewa uji na nyama hadi kitandani, na siku anapotoka watu wanakuja kumtazama: amenenepa, uso unang'aa, ngozi imekuwa nyeupe kwa kukosa jua. Nilipokuzaa wewe nilikaa hivyo kwa bibi yako kule Mumosho. Siku niliyotoka, dada za papa yako walikuja kuniona. Hao ndio waliosema siku ya mahari yangu, nikiwasikia nyuma ya pazia, “Hizi ng'ombe ni mingi sana kwa mwanamuke mweusi hivi.” Walisema wakicheka, na watu wakacheka nao. Sasa mkubwa wao alinishika shavu, akanigeuza huku na huku, akasema, “Kumbe uko muzuri!” Lilikuwa neno lake la kwanza zuri kwangu. Nilifurahi mpaka nikalia, na yule dada akadhani nalia kwa uchovu wa kunyonyesha.

Weupe ule uliisha mara tu niliporudi shambani. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba jua ndilo lililonitia aibu, na kwamba mwanangu halitampata. Sikuambii haya ili unionee huruma. Wanawake wengi walichekwa siku ya mahari yao na hawakuwafungia watoto wao ndani.

Tulipohamia mjini na papa yako akaenda Kamituga kutafuta dhahabu, nilifungua meza ya mafuta ya kung'arisha ngozi pale sokoni Nyawera, na wewe ukawa tangazo langu. Unakumbuka? Mteja akisitasita nilikuwa naita, “Nsimire, kuja hapa!” Unakuja na daftari lako la shule, unanyoosha mikono, wanakupapasa kama kitambaa, wananunua. Hukuwahi kukataa. Ningependa ungekataa hata mara moja, nami ningekuchapa, lakini leo ningekuwa na kitu cha kukusifia.

Kisha ukarefuka. Mwalimu wenu wa michezo, ambaye sote tunamwita Kocha, akaja nyumbani akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, akasema, “Maman Nsimire, huyu mutoto iko na mikono ya basiketi. Muniachie yeye.” Nikamjibu kwamba atacheza, lakini jua lisimguse. Kocha akacheka, akidhani ni utani. Kesho yake akakuona umefika na mikono mirefu hadi kwenye vidole na kofia pana ya bibi mzee. Akakupokea hivyohivyo, kwa sababu alikuhitaji. Basi mkawa mnafanya mazoezi ndani ya ukumbi wa shule, asubuhi kabla jua halijapanda vilima na jioni likiwa limeshazama. Jumamosi wenzako walipocheza kwenye uwanja wa saruji nje, wewe ulikaa chini ya paa ukiwahesabia pointi. Wakakuita Frigo, yaani friji, kwa sababu unahifadhiwa ndani usiharibike. Nililisikia jina hilo na likanipendeza. Nikalisimulia sokoni.

Na sambaza pia. Mji mzima unakula sambaza kutoka ziwani, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa nyumba ya Maman Nsimire. Nilisema samaki wale wadogo wananuka, harufu inaingia kwenye nguo, mteja wa mafuta hawezi kununua kwa mtu anayenuka soko la samaki. Nikakulisha mkate mweupe na soseji, nikajiona mtu wa mjini.

Ukaanza kusema miguu inauma ukipanda ngazi. Nikasema unakua. Ukasema vidole vinakufa ganzi na kujikunja vyenyewe. Nikasema ni baridi ya asubuhi, nikakununulia soksi, kama vile vidole vyenyewe vilikuwa vya miguu. Sikuuliza ni vidole vipi.

Halafu ikaja jioni ile. Ulikuwa umekaa kwenye kizingiti, viatu mkononi, hujabadilisha nguo.

“Maman, roho inanipiga sana. Hata kama sikimbie.”

“Inapiga namna gani?”

“Kama inataka kutoka. Inasimama kidogo, kisha inaanza tena.”

Nikacheka. Nasikia bado nilivyocheka, kwa kifua chote. “Iko nani?”

“Nani nini?”

“Huyo kijana mwenye anafanya roho ipige!”

“Maman, sisemi vile.”

“Hata miye ilinipigaka, na nikaolewa!”

Ulinitazama kidogo, ukainuka, ukaingia ndani kuoga. Kesho yake niliisimulia hadithi hiyo sokoni kabla hata sijapanga meza. Kwa muda mrefu wanawake walikuwa wakikuona unapita wanakuuliza, “Nsimire, roho iko bado inapiga?” Nawe unatabasamu, kwa sababu nimekulea uwe na heshima kwa wakubwa.

Ubaya wangu haukuishia kwenye kicheko. Nilianza kumtafuta huyo kijana. Nilichukua simu yako ulipokuwa unaoga. Sikukuta kijana. Nilikuta mwenzako wa timu anakuuliza, “Frigo, vidole bado vinauma?” Mtoto wa watu alikuwa na habari za vidole vyako, na mimi mama yako nilizipita mbio nikitafuta jina la mwanamume. Hata hivyo sikutulia. Nikakukataza kupita popote baada ya shule. Nikakukataza kubaki uani baada ya misa. Mapazia yakafungwa. Kwa kumwogopa kijana asiyekuwepo, nikakunyang'anya hata lile jua dogo la njiani lililokuwa limebaki.

Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hukuficha. Uliyasema kwa mdomo wako, kwa mtu uliyepaswa kumwambia, na mtu huyo akayafanya kichekesho.

Siku ya mechi nilikuwa nimevaa kitenge kipya na nimekaa mbele. Uliruka, ukaudaka mpira, ukatua, ukasimama. Ukaweka mkono kifuani. Halafu ukanitazama, Nsimire. Ulinipata kati ya watu wote wale, macho yetu yakakutana, na ukageuza uso. Ukainua mkono kwa Kocha. Ndipo ukaanguka. Watu wanaonipa pole husema lazima niliumia sana kuona mwanangu akianguka. Mimi kinachoniamsha ni kile kitendo cha kabla ya kuanguka, ulipopima kwa haraka ni nani atakuamini ukaniruka mimi.

Hospitalini walikubandika nyaya kifuani, wakatoa damu, wakapiga picha ya moyo ukiwa unadunda. Daktari, yule mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, alikuja na kalamu yake akaniuliza maswali ya chakula na usingizi. Kisha akauliza, “Mama, huyu mutoto anaonaka jua?”

Nami nikajibu kwa majivuno. Nikakaa wima kabisa kwenye kile kiti. “Hapana, docta! Miye ninamulinda vizuri sana. Tangu akiwa muchanga.”

Akaiweka kalamu chini. Akakitazama kitenge changu, akatazama mikono yako juu ya shuka. Hakunigombeza. Alinieleza polepole kwamba vitamini D, ambayo mwili unaitengeneza kwa jua na kuipata pia kwenye samaki, ilikuwa imekwisha ndani yako karibu yote. Bila hiyo mwili haushiki kalsiamu, na kalsiamu ikishuka sana misuli inajikunja, vidole vinakufa ganzi. “Na moyo nao ni musuli, mama. Huyu anakimbia kila siku. Moyo wake iko unafanya kazi ya batu wawili, na haukuwa na kitu.” Nikamuuliza kama ni mimi. Akasema hawezi kusema kwamba vitamini D peke yake ndiyo iliyoleta kila kitu, moyo una mambo mengi, utapimwa tena na tena hata ukipona. Lakini hili waliloliona, watalirekebisha. Akaongeza kitu kilichonimaliza: ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikipigana na dawa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu hayakungoja nizeeke. Maana daktari alikugeukia wewe akauliza, “Ilianza lini?” Ukasema zamani kidogo. “Ulimwambia mutu?”

Ukatazama shuka. Ukasema, “Hapana.”

Nilikuwa nimekaa karibu nawe, goti langu limegusa kitanda. Mtoto mwenye sindano mkononi, mwenye moyo uliokuwa unakwama, aliona kwamba mama yake ataaibika mbele ya daktari, akamsitiri. Nami niliuacha uongo ule upite, nikashukuru moyoni kwamba nimekulea vizuri. Hatujawahi kulizungumza. Nimekuwa nikikupikia, nikikuletea matone yako ya vitamini kwenye kijiko, nikikusimulia habari za sokoni, na lile “hapana” lako limekaa kati yetu kwenye kila sahani.

Mwezi uliopita, ulipokwenda kupimwa na wakakuruhusu kucheza tena, nilirudi peke yangu kwa daktari. Nilimwambia kwamba uliniambia, na kwamba nilicheka. Nilidhani atanihurumia au atanifukuza. Alichukua faili lako akaniuliza kwa kawaida tu: ilikuwa inapiga muda gani? Alikuwa amekaa au ametoka kukimbia? Alihisi kizunguzungu? Nilichokumbuka kwa ukamilifu ni mzaha wangu.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu Vumilia. Unajua hatukuwa tunazungumza vizuri, lakini hujui sababu. Alikuja mjini siku moja akakuta mapazia yamefungwa mchana, akasema, “Dada, unamufungia mutoto kama kimole mwenye hakuzaa.” Nikamwambia aende akawalee watoto wake weusi. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo huu, nami ni mweusi kuliko yeye. Sikio la kufa halisikii dawa. Na ulipotoka hospitalini ukiwa unahitaji jua na kupumzika, nami nikiwa sina pa kukupeleka, yeye ndiye aliyekuja kukuchukua kwenda Mumosho, na hakunikumbusha neno hata moja. Afadhali angenikumbusha.

Jumapili ya kwanza nilipokuja kukuona, ulikuwa umekaa nje unapukuchua maharage, mikono wazi, mafuta ya sambaza kwenye midomo. Ulikuwa umerudi kwenye rangi yako. Nakuandikia ukweli: kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba umeharibika. Baada ya hospitali, baada ya nyaya na sindano, kichwa changu bado kilitoa neno hilo. Kisha ukainuka ukakimbia kuja kunipokea mzigo, ukapanda ule mwinuko wote, na ulipofika hukuwa unahema. Nilikukumbatia ili usione uso wangu.

Siku hiyohiyo, mkiwa mmekaa nyuma ya nyumba, nilikusikia ukisema, “Tantine, leo roho iliruka kidogo.” Vumilia hakucheka. Aliwanyamazisha watoto, akasema, “Niwekee mukono yangu hapo, nisikie.” Akauacha mkono pale muda mrefu. Nami nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, nikaona wivu. Sio shukrani, wivu. Nilitaka kutoka nikamsukume nikaweke mkono wangu.

Usidhani nimebadilika mwili na roho. Bado nauza yale mafuta. Wiki iliyopita alikuja mwanamke na binti mdogo, anataka ya kumng'arisha. Nikasema ya watoto sina. Alikuwa anayaona mezani, akanishangaa, akaenda meza ya pili akanunua. Sijui nilimsaidia mtoto yule kitu gani. Ningepaswa kumwambia habari zako, na sikuweza, kwa sababu sokoni bado wanaikumbuka ile hadithi ya kijana wako.

Unachokwenda nacho Kampala, mwanangu, ni moyo uliopona, kwa maneno ya daktari, na unaotakiwa kuchunguzwa ukifika na kila msimu. Huo siuogopi sana. Ninachokiogopa ni ule uongo wako mzuri. Huko utapata kocha atakayekupenda siku unazofunga. Kutakuwa na mechi kubwa, utahisi kitu kifuani, atakuuliza kama unaweza kuendelea, nawe utaona kwamba jibu lako linaweza kumharibia siku. Utamsitiri. Unajua kuwasitiri watu, ulijifunzia kwangu, na ulijifunza ukiwa mdogo sana. Kila mara uliponyoosha mikono mezani pangu ulikuwa unajifunza kwamba mwili wako ni wa kuwapendeza wengine.

Sina haki ya kukuamuru uache. Nakuomba tu, kama mtu aliyekukosea anavyoomba: waaibishe. Simamisha mechi. Acha watu walionunua tiketi wakasirike. Kama nawe utakuwa umekosea, kama ni uchovu tu, waache wacheke, na kesho ukisikia tena useme tena.

Jana nilipigiwa simu na msichana wa ofisi ya timu yenu mpya. Alitaka jina la mtu wa kuitwa haraka kama kuna shida. Nikafungua mdomo kusema langu. Nimekuzaa mimi, hilo jina lilikuwa ulimini. Halafu nikaiona sura yako siku ya mechi, jinsi ulivyonitazama ukageuza uso, na nikaona siwezi kukulazimisha unichague kwa kuwa tu simu imeingia kwangu. Nikampa namba ya Vumilia. Akauliza, “Na wewe ni nani wake?” Nikasema mama yake. Labda alidhani nimekusahau. Nikamwomba aandike na yangu, chini.

Hilo halikuwa tendo zuri, usinisifie. Niliumia mchana kutwa.

Basi, moyo ukienda vibaya, mpigie yeye kwanza. Atakuuliza yanayopaswa kuulizwa. Kisha, ukiwa umeshalazwa na watu wanakutazama, kama utakuwa na nguvu na kama utapenda, nipigie na mimi. Nianzie mwanzo, unieleze inavyopiga, inavyosimama, inavyoanza tena. Hata kama ni jambo dogo. Hata kama kweli safari hii ni kijana.

Sitacheka.

Mama yako